Kifungu cha 91: Jinsi Wacha Mungu wa Massachusetts Walivyohalalisha Utumwa

Habari za utumwa wa Marekani zikisimuliwa, majina yanayotajwa ni Virginia, Carolina na Georgia: tumbaku, mpunga, pamba, mashamba yasiyo na mwisho. Kaskazini hutajwa kama upande wa wakombozi. Lakini koloni la kwanza la Waingereza katika bara la Amerika Kaskazini kuuandika utumwa ndani ya sheria zake lilikuwa Massachusetts, mwaka 1641, takriban miaka 20 kabla ya Virginia. Tena sheria yenyewe ilikuwa hati ya uhuru wa raia, na mwandishi wake mkuu, Nathaniel Ward, alikuwa mwanasheria aliyegeuka mchungaji wa mji wa Ipswich.

Wapo wanaoliona jambo hili kama unafiki wa kawaida, watu wa dini waliozidiwa na tamaa. Maelezo hayo yanawapunguzia mzigo. Wapuritani wa Massachusetts, yaani Waprotestanti wa Kiingereza waliotaka kulitakasa kanisa, hawakuingia katika utumwa kwa kuisahau Biblia yao wala kwa kuivunja sheria yao. Waliingia wakiwa wameifungua Biblia mezani na kuitunga sheria kwa uangalifu, neno kwa neno. Anayetaka kujua utumwa ulivyokaa humo kwa zaidi ya miaka 140 aisome sheria hiyo, na hasa aanzie kwenye neno «isipokuwa».

Kwanza serikali yenyewe. Mfalme alitoa hati ya 1629 kwa kampuni ya biashara. Mwaka uliofuata John Winthrop, gavana wa koloni, na wenzake walivuka bahari wakiwa na hati hiyo mikononi mwao, na kwa hiyo mkutano wa wanahisa ambao ungefanyika London ukawa unafanyika Boston. Mkutano huo, Baraza Kuu, ulitunga sheria, ukatoza kodi na kusikiliza kesi, kazi zote tatu chini ya paa moja. Mwaka 1631 Baraza liliamua kwamba haki ya kupiga kura ya koloni ni ya wanaume walio washiriki wa kanisa peke yao. Na ushiriki haukupatikana kwa ubatizo wa utotoni tu. Muda si mrefu ikawa desturi kwamba anayeomba asimame mbele ya waumini, aeleze jinsi neema ya Mungu ilivyoufikia moyo wake, ahojiwe, kisha akubaliwe au akataliwe. Wachungaji hawakushika vyeo vya serikali, ila kila jambo zito lilipelekwa kwao waseme Maandiko yanaamuru nini.

Mpango huo ulikuwa na kasoro iliyojificha. Mamlaka yote yalikuwa na breki moja tu, yaani Neno la Mungu, na wenye kulifasiri Neno hilo walikuwa watawala haohao na wachungaji wao. Mtu ambaye sheria ingemwangukia vibaya hakuwa na kiti popote.

Sasa kifungu chenyewe, cha 91. Kinasema kwamba kamwe kusiwepo miongoni mwetu utumwa, utwana wala uteka, isipokuwa kwa mateka halali waliotwaliwa katika vita vya haki, na wageni wanaojiuza kwa hiari yao au wanaouzwa kwetu. Hao watapewa uhuru wote na matendo ya Kikristo ambayo sheria ya Mungu katika Israeli inayadai kwa watu wa namna hiyo. Mwisho kinaongeza kwamba hakuna anayeepushwa na utumishi endapo mamlaka yamemhukumu hivyo. Ukikihesabu, kinafunga mlango mmoja na kufungua mitatu: vita, ununuzi na hukumu.

Mlango wa vita

Mlango huu ulikuwa wazi kabla sheria haijaandikwa. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 1637, askari wa Connecticut na Massachusetts, pamoja na washirika wao wenyeji wa asili, Wamohegan na Wanarragansett, waliichoma ngome ya Wapequot, wenyeji wengine, kando ya mto Mystic. Waliouawa walikuwa mamia, wengi wao wanawake na watoto. Waliokamatwa katika miezi iliyofuata waligawanywa majumbani kwa wakoloni. Wavulana 15 na wanawake wawili walipakiwa katika jahazi liitwalo Desire, lililoundwa Marblehead, chini ya nahodha William Peirce. Walikusudiwa kupelekwa Bermuda, wakaishia kisiwa cha Providence katika Karibiani, ambacho nacho kilikuwa koloni la Wapuritani. Februari 1638 Desire ikarudi Boston, na Winthrop akaandika shehena yake katika shajara: pamba, tumbaku, chumvi na watu weusi. Aliandika kama mtu anayehesabu mizigo bandarini.

Kwa hiyo mwaka 1641 Ward na Baraza hawakuwa wakiwazia jambo la mbali. Watumwa walikuwa jikoni na mashambani mwao tayari, na sheria ikaja kuwahalalisha.

Swali la nani anayeamua kwamba vita fulani ni vya haki halikuulizwa, kwa sababu mwamuzi alikuwa ni yule aliyepigana. Mwaka 1645 Emanuel Downing, shemeji yake Winthrop, alimwandikia barua akitamani vita vya haki na Wanarragansett. Hesabu yake ilikuwa wazi: wanaume, wanawake na watoto watakaokamatwa wangeweza kubadilishwa kwa Waafrika. Haoni, asema, jinsi koloni litakavyostawi mpaka lipate watumwa wa kutosha kufanya kazi zote, kwa kuwa kuwatunza Waafrika 20 kungegharimu chini ya kumtunza mtumishi mmoja Mwingereza. Hapo vita havileti mateka kwa bahati mbaya. Mateka ndio wanaovitafutia vita sababu.

Miaka 30 baadaye, katika vita vya 1675 na 1676 dhidi ya Metacom, kiongozi wa Wawampanoag, mamia ya wenyeji waliuzwa ng'ambo. Mchungaji John Eliot, aliyekuwa ameitafsiri Biblia nzima katika lugha ya wenyeji na kuichapisha mwaka 1663, aliliandikia baraza la Boston kupinga. Kuuza nafsi za watu kwa fedha, alisema, kwake ni biashara ya hatari. Hawakumsikiliza. Katika koloni jirani la Plymouth alikamatwa mwana wa Metacom, mtoto wa miaka tisa, na serikali ikawaandikia wachungaji: auawe au aachwe? John Cotton wa Plymouth na Samuel Arnold wa Marshfield walikiri kwamba Torati inasema mtoto asiuawe kwa kosa la baba, kisha wakataja jamaa ya Sauli, ya Akani na ya Hamani, ambako watoto waliuawa kwa makosa ya baba zao, wakashauri auawe. Increase Mather wa Boston alielekea hukohuko. James Keith wa Bridgewater alishika Kumbukumbu la Torati 24:16, kila mtu auawe kwa dhambi yake mwenyewe, akaomba rehema. Rehema ikapatikana: mtoto akauzwa utumwani.

Hapa unaona Biblia ilivyofanya kazi serikalini. Wote wanne walisoma kitabu kimoja, wakatoka na majibu mawili, na hakuna jibu hata moja kati ya hayo lililomrudisha mtoto kwa watu wake.

Mlango wa ununuzi

«Wanaouzwa kwetu.» Muuzaji ni nani, na alimpataje mtu huyo? Kifungu hakisemi. Mnunuzi hakutakiwa kuonyesha hati, shahidi wala asili ya mtu aliyemnunua.

Ukimya huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 1645 nahodha wa Massachusetts, James Smith, na msaidizi wake Thomas Keyser walirudi kutoka pwani ya Guinea na Waafrika wachache. Wakagombana juu ya mali na hasara ya safari, wakashtakiana, na katika kutoa ushahidi ikafichuka kwamba kule Guinea waliungana na Waingereza wengine, wakashambulia kijiji siku ya Jumapili kwa mzinga mdogo, wakaua watu karibu mia moja. Richard Saltonstall, mmoja wa mahakimu, aliandika ombi rasmi akitaja makosa matatu: kuua, kuiba watu, kuvunja Sabato. Adhabu ya kuiba mtu ilikuwa kifo. Hati ya 1641 yenyewe ilisema hivyo, ikifuata Kutoka 21:16: «Yeye amwibaye mtu, na kumwuza, au akipatikana mkononi mwake, sharti atauawa huyo.»

Baraza lilisema halina mamlaka juu ya matendo yaliyofanyika pwani ya Afrika. Hakuna aliyenyongwa. Lakini mwaka 1646 liliamuru Waafrika wale warudishwe Guinea kwa gharama ya koloni, pamoja na barua ya kuonyesha hasira ya koloni juu ya dhambi ya kuiba watu. Mmoja wao alikuwa ameshauzwa kwa mtu wa Piscataqua, kaskazini, naye akadaiwa arudishwe.

Wanahistoria wengi wameisifu hukumu hii, na kweli ina la kusifiwa. Itazame kwa karibu, hata hivyo. Baraza halikusema kwamba Mwafrika hawezi kuwa mtumwa. Lilisema kwamba hawa hawakununuliwa, waliibwa. Wengine wote waliokuja kwa mkono wa wafanyabiashara wa Karibiani walibaki palepale, kwa sababu wizi wao ulikuwa umefanyika mbali zaidi, na katikati palikuwa na muuzaji wa kuusafisha. Hukumu ya 1646 iliwarudisha watu wachache na kuithibitisha biashara yote iliyobaki.

Idadi iliyoingia mwanzoni haikuwa kubwa. Mwaka 1680 gavana Simon Bradstreet, akijibu maswali ya London, alisema kwamba katika miaka 50 hakikuja chombo chochote na shehena ya watumwa ila kimoja kidogo, kilichotoka Madagaska miaka miwili hivi nyuma baada ya safari ya miezi 20, na watu kati ya 40 na 50, wengi wanawake na watoto, wakauzwa kwa pauni 10, 15 na 20 kila mmoja. Msomaji wa Afrika Mashariki aikumbuke meli hiyo, maana bahari iliyowatoa watu wale ni hii yetu. Waliobaki waliingia wawili watatu kwa wakati, katika majahazi yaliyokuwa yamepeleka Barbados samaki wakavu, mbao na farasi. Samaki wa daraja la chini, wasiouzika Ulaya, ndio waliolishwa watumwa wa mashamba ya miwa. Molasi ikarudi Massachusetts kuwa pombe kali. Kwa hiyo hata mvuvi asiyemiliki mtumwa yeyote alitegemea utumwa kupata soko la samaki wake.

Mlango wa tatu nitausema kwa ufupi. Mwaka 1659 Daniel na Provided Southwick, vijana wa familia ya Waquaker (kundi la Kikristo lililokataa ibada ya Wapuritani) wa Salem, walishindwa kulipa faini za kutohudhuria ibada. Baraza Kuu likaidhinisha wauzwe kwa Waingereza wa Virginia au Barbados ili faini ipatikane. Hakupatikana nahodha aliyekubali kuwachukua. Serikali iliyozoea kuuza watu ilikuwa imefikia hatua ya kuwauza watoto wa majirani zake kwa kosa la kusali tofauti, na waliokataa walikuwa mabaharia.

Bado kulikuwa na tundu moja. Mtoto aliyezaliwa Boston na mama mtumwa hakutekwa vitani wala hakuwa mgeni. Kwa maneno ya 1641 angeweza kudai kwamba hakuna mlango uliompitisha. Mwaka 1670 kifungu kikarekebishwa kwa kuondoa neno «wageni». Neno moja tu, na utumwa ukawa wa kurithiwa bila hata kuandikwa kwamba ni wa kurithiwa. Ndiyo sababu nasema hawa hawakuwa wazembe. Waliliona tundu wakaliziba.

Roho kanisani, mwili sokoni

Tarehe 13 Aprili 1641, miezi michache kabla ya hati ya uhuru kupitishwa, Winthrop aliandika kwamba mwanamke Mwafrika, mtumishi wa Israel Stoughton wa Dorchester, alikuwa amethibitika kwa miaka kadhaa kuwa na ujuzi wa kweli na ucha Mungu wa kweli, akapokelewa kanisani na kubatizwa. Watafiti humtaja kwa jina la Dorcas. Alivuka mtihani ule ambao Waingereza wengi, wanaume kwa wanawake, walishindwa kuuvuka. Katika ulimwengu wa Wapuritani hakuna cheti kikubwa zaidi ya hicho. Na hakikubadilisha lolote katika hali yake ya kisheria.

Wenye watumwa waliishi na hofu moja: kwamba ubatizo utamfanya mtumwa awe huru, kwa kuwa Mkristo hapaswi kummiliki ndugu yake katika Kristo. Wengi kwa hofu hiyo waliwazuia watumwa wasifundishwe dini. Mwaka 1706 Cotton Mather, mchungaji maarufu kuliko wote wa Boston, alichapa kijitabu cha kuwasihi wawafundishe. Aliandika kwa nguvu kwamba Mwafrika ana roho yenye akili na kwamba Mungu hatazami rangi ya ngozi. Kisha akawatuliza: hakuna sheria ya Ukristo, ya kanisa wala ya Uingereza inayosema kwamba aliyebatizwa anakuwa huru. Mwaka huohuo washarika wake walimpa zawadi, mtumwa waliyemnunua kwa pauni 40 hivi au zaidi kidogo, naye Mather akamwita Onesimus, kwa jina la mtumwa wa waraka wa Paulo kwa Filemoni.

Onesimus ndiye aliyemweleza Mather jinsi watu wa kwao Afrika walivyokingwa na ndui kwa kutiwa usaha wa mgonjwa katika mkato mdogo wa ngozi. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston aliijaribu njia hiyo. Kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa walikufa sita. Kati ya watu 5,889 walioambukizwa kwa njia ya kawaida walikufa 844. Waliochanjwa waliokolewa na elimu ya mtu ambaye, ili bwana wake amlegezee kamba, alikuwa amelazimika kuchangia fedha za kununua mtumwa mwingine wa kushika nafasi yake.

Aliyelishambulia shina lenyewe alikuwa hakimu, Samuel Sewall. Alikuwa mmoja wa waliowahukumu watu kwa uchawi Salem mwaka 1692, na mwaka 1697 akasimama kanisani akakiri hatia yake hadharani. Mwaka 1700 alichapa kurasa chache juu ya kuuzwa kwa Yusufu. Hoja yake ya vita ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa inakipiga kifungu cha 91 palipo na mfupa: kila vita ni vya dhuluma kwa upande mmoja; vita visivyo halali haviwezi kuleta mateka halali; na anayewanunua anashiriki ukatili wa waliowateka. Hata hivyo Sewall huyohuyo aliandika kwamba Waafrika hawawezi kuchanganyika na Waingereza wakawa jamii moja. Alitaka utumwa usiwepo, na Waafrika vilevile wasiwepo.

Mfanyabiashara na hakimu John Saffin alimjibu mwaka 1701: Mungu ameweka watu katika daraja tofauti, na Ibrahimu alikuwa na watumishi walionunuliwa kwa fedha. Jibu hilo halikutoka hewani. Mwaka 1694 Saffin alimkodisha mtumwa wake Adam kwa mtu mwingine kwa miaka saba, akaandika kwamba muda ukiisha atakuwa huru. Miaka saba ilipotimia akakataa kwa madai kwamba Adam amekuwa mkaidi na mvivu. Adam hakutoroka. Alikwenda kwa Sewall na karatasi yake, akashtaki, akavumilia rufaa baada ya rufaa, na mwaka 1703 mahakama ikamtangaza huru.

Serikali ya jimbo ilijibu kwa sheria. Hati mpya ya kifalme ya 1691 ilikuwa imeondoa sharti la kanisa katika kura na kuweka sharti la mali, basi lugha ya sheria nayo ikawa ya mali. Mwaka 1703 ikaamriwa kwamba anayemwacha huru mtumwa aweke dhamana isiyopungua pauni 50 kwa mtunza hazina wa mji, asije aliyeachwa akawa mzigo wa walipa kodi. Mantiki yake ilionekana ya busara, kwani mabwana walikuwa wakiwaacha «huru» wazee na wagonjwa. Kwa vitendo iliufanya uhuru uwe ghali kuliko mtumwa mwenyewe. Mwaka huohuo watumishi weusi, wenyeji na machotara walikatazwa kuwa nje baada ya saa tatu usiku. Mwaka 1705 ndoa kati ya weupe na weusi ikapigwa marufuku, na kila Mwafrika aliyeingizwa akatozwa ushuru wa pauni 4, unaorudishwa kama akisafirishwa tena nje, kama bidhaa nyingine yoyote.

Kisa cha mwaka 1755, Charlestown, kinaonyesha mtu anavyobanwa na mfumo usio na njia ya kutokea. Watumwa wa nahodha John Codman walitaka kuuzwa kwa bwana mwingine. Miaka kadhaa nyuma walikwisha kuichoma karakana yake wakitumaini kwamba hasara ingemlazimisha awauze. Haikutosha. Mmoja wao, Mark, alijua kusoma. Katika ushahidi ilielezwa kwamba alikuwa ameisoma Biblia na kuwaambia wenzake si dhambi kumwua bwana bila kumwaga damu. Wakamwua Codman kwa sumu ya aseniki. Tarehe 18 Septemba 1755, Cambridge, Mark alinyongwa, naye mwenzake Phillis akachomwa moto. Maiti ya Mark ilitundikwa kwa minyororo Charlestown, na Paul Revere, akiisimulia mwaka 1798 safari yake ya usiku wa Aprili 1775 ya kuwaonya wakoloni kwamba askari wa Uingereza wanakuja, aliitumia sehemu aliyotundikwa Mark kama alama ya njia. Hoja ya Mark inatisha, lakini mbinu ya kusoma ilikuwa ileile ya wachungaji waliomzunguka: tafuta katika Neno mahali ambapo katazo haligusi.

Mlango wa kutokea

Sheria ya Massachusetts ilimhesabu mtumwa pamoja na farasi na ng'ombe katika orodha ya kodi, lakini haikumvua utu wake mahakamani. Aliweza kushtaki, kutoa ushahidi na kumiliki vitu vidogo vidogo. Mabwana waliona hilo ni dogo. Watumwa waliona ni mlango, wakaupita.

Mwaka 1766 Jenny Slew wa Ipswich alishinda Salem dhidi ya John Whipple kwa hoja kwamba mama yake alikuwa mweupe, akalipwa pauni 4 za fidia. John Adams, wakili aliyekuwako na ambaye baadaye akawa rais wa Marekani, alisema baadaye kwamba hakupata kuona wazee wa baraza, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, wakiamua kwamba mtu mweusi ni mtumwa. Ushindi wa namna hiyo ulikuwa wa mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake: ahadi iliyovunjwa, ukoo wa mama, kasoro ya hati ya mauzo. Ulihitaji wakili, mashahidi, na mahali pa kuishi wakati kesi ikiendelea.

Ndipo wakaacha kwenda mmoja mmoja. Aprili 1773 Peter Bestes, Sambo Freeman, Felix Holbrook na Chester Joie waliwaandikia wabunge kwamba wanatazamia makubwa kutoka kwa watu waliosimama kishujaa hivyo dhidi ya wanaotaka kuwatia utumwani. Waliomba siku moja kwa wiki ya kujifanyia kazi, kama Wahispania walivyowaruhusu watumwa wao, wapate kujinunua. Ombi la Mei 1774 liliingia katika dini yenyewe: mke atamtiije mumewe, na mume atampendaje mkewe, ikiwa mwingine anaweza kuuzwa kesho? Bunge lilipitisha miswada ya kuzuia uingizaji wa watumwa, magavana wakaikataa.

Katiba ya jimbo ya 1780 ikasema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Haikuweka «isipokuwa». Mwaka 1781 Bett, mtumwa wa kanali John Ashley wa Sheffield, alimwendea wakili Theodore Sedgwick. Hati ya mahakama waliyoitumia ni ile ya kudai kurudishiwa mali iliyoshikwa isivyo halali. Ashley alimkatalia mkuu wa polisi wa wilaya, akisema ni wake kwa haki. Agosti 1781, Great Barrington, wazee wa baraza waliamua kwamba Bett na mwenzake Brom hawakuwa mali yake, wakawapa shilingi 30. Alijiita Elizabeth Freeman tangu hapo. Quock Walker wa Barre, aliyepigwa na Nathaniel Jennison kwa kuondoka, alishinda kesi yake mwaka uleule. Mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliwaambia wazee wa baraza kwamba utumwa haupatani na katiba, na Jennison akatozwa shilingi 40 kwa kumpiga mtu huru. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Hakuna sheria iliyotungwa kuufuta utumwa huo. Kwa hiyo hakuna fidia iliyowekwa wala tarehe, na hakuna kilichomzuia bwana mwenye haraka kumvusha mtu wake na kumwuza kwingine. Machi 1788 bunge liliwakataza raia wake kushiriki biashara ya watumwa, na mwezi huohuo likapitisha sheria nyingine: Mwafrika asiye raia wa mojawapo ya majimbo, isipokuwa awe raia wa mfalme wa Moroko, asikae zaidi ya miezi miwili, la sivyo afungwe na achapwe viboko.

Februari 1783 mwanamke aitwaye Belinda, aliyeibwa utotoni kando ya mto Volta na kutumikia miaka 50 hivi nyumbani kwa Isaac Royall huko Medford, alipeleka ombi bungeni. Royall alikuwa mfuasi wa mfalme, alikimbia mwaka 1775, na mali yake ilikuwa mikononi mwa serikali. Belinda alisema mali hiyo imejengwa kwa jasho lake. Bunge likamwandikia pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, yaani shilingi 6 kwa wiki, kutoka katika kodi za mashamba ya Royall. Fedha ilitolewa kwa muda mfupi ikakatika. Akaandika tena, na tena, na hadi mwaka 1793 alikuwa bado anaidai.